Namna ya Kuomba Ufadhili wa Wanafunzi wa Honazi Katika Vyuo Vikuu vya Marekani, na Kuulinda Ukishaupata

Kila mwaka vyuo vikuu vya Marekani hutenga fedha kwa ajili ya wanafunzi wapya waliofaulu vizuri sana katika masomo ya sekondari, na baadhi ya fedha hizo hutolewa kupitia programu za honazi. Waombaji wengi huuona ufadhili huu kama zawadi ya alama walizokwisha kupata, na mtazamo huo huwaponza. Chuo hutoa fedha zake ili mwanafunzi wa aina fulani aje, akae miaka minne, asome kozi za aina fulani na asishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Ufadhili huu ni mkataba, na anayeuomba anapaswa kuusoma kama mkataba tangu siku ya kwanza, kabla hajaandika insha wala kuomba barua kwa mwalimu. Mwongozo huu unamlenga hasa mwanafunzi anayeomba akiwa nje ya Marekani.

Honazi ni nini

Neno lenyewe huchanganya watu. Honazi haihusiani na shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi na watu mashuhuri siku ya mahafali, wala na madaraja ya shahada yanayopangwa mwishoni mwa masomo katika vyuo vinavyofuata mfumo wa Uingereza. Nchini Marekani, honazi ni programu ambayo mwanafunzi huingia mapema, mara nyingi tangu mwaka wa kwanza, ndani ya chuo kikuu cha kawaida, ili asome kwa kina zaidi kuliko wenzake. Mmoja wa waasisi wake ni Frank Aydelotte, aliyewahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, kisha akaanzisha programu ya honazi katika chuo cha Swarthmore mwaka 1922, yenye semina ndogo na watahini kutoka nje ya chuo. Baadaye vyuo vikuu vikubwa vya umma viliunda vyuo vya honazi ndani yake, kama vile Barrett katika Arizona State University mwaka 1988, na Schreyer katika Penn State, kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa mchango mkubwa wa familia ya Schreyer.

Mwanafunzi wa honazi kwa kawaida husoma katika madarasa madogo, hujiandikisha kwenye kozi mapema kabla ya wengine, na katika programu nyingi huandika tasnifu kabla ya kuhitimu. Lakini kukubaliwa honazi ni jambo moja, na kupata fedha ni jambo jingine. Kuna vyuo ambavyo kila anayeingia honazi hupata kiasi fulani, kuna vingine ambavyo ni wachache tu kati yao wanaofadhiliwa, na vipo ambavyo humtoza mwanafunzi wa honazi ada ya ziada kila mwaka. Usidhani kwamba mlango mmoja ukifunguka na wa pili umefunguka.

Hatua ya kwanza: hakikisha unastahili kuomba

Hatua hii huchukua jioni moja tu, nayo huokoa miezi. Soma ukurasa wa masharti wa kila ufadhili na utafute majibu ya maswali matatu.

Swali la kwanza ni uraia na ukazi. Baadhi ya fedha hutolewa kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu pekee, nyingine kwa wakazi wa jimbo lenyewe. Macaulay Honors College ya jijini New York, kwa mfano, inasifika kwa kuwalipia wanafunzi wake ada yote ya masomo, lakini ahadi hiyo inawahusu wakazi wa jimbo la New York. Kinyume chake, ufadhili wa Morehead-Cain katika University of North Carolina huko Chapel Hill, ulioanzishwa mwaka 1945, hupokea pia waombaji kutoka nje ya Marekani.

Swali la pili ni kama bado unahesabiwa kuwa mwanafunzi mpya. Hapa ndipo vijana wengi wenye uwezo hujiharibia bila kujua. Ufadhili huu ni wa wanaoingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza, na mtu aliyemaliza sekondari, akajiandikisha chuo kikuu cha nyumbani na kusoma hata muhula mmoja huku akisubiri majibu, anaweza kuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa kuhamia. Wanaohamia huwa na mafungu yao, ambayo kwa kawaida ni madogo zaidi. Kama unafikiria kuanza kusoma kwingine kwa muda, iandikie kwanza ofisi ya udahili uulize utahesabiwa vipi, na uhifadhi jibu lao.

Swali la tatu ni kama fani unayotaka imo. Baadhi ya fedha zimefungwa kwa uhandisi, nyingine kwa sayansi au ualimu, na ukibadilisha fani ukiwa mwaka wa pili unaweza kuzipoteza.

Hatua ya pili: tengeneza orodha fupi ya vyuo

Majina makubwa huvuta macho, lakini vyuo vikuu vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, havitoi kabisa ufadhili unaotokana na ufaulu. Fedha zao hupimwa kwa uhitaji wa familia. Kwa hiyo mwenye alama za juu anayetafuta ufadhili wa ufaulu anapaswa kutazama vyuo vikuu vya umma vyenye programu za honazi, pamoja na vyuo binafsi vinavyoshindania wanafunzi bora kwa fedha. Ushauri wangu ni kuchagua vyuo sita hadi vinane, na angalau viwili kati yake viwe ambavyo alama zako ziko juu kabisa ya wastani wa wanafunzi wao wapya, kwa sababu huko ndiko chuo kina sababu ya kukulipia ili uje.

Vyuo vingi hutoza ada ya kupokea maombi. Ikiwa ada hizo ni mzigo kwa familia yako, omba msamaha wa ada kwa barua fupi na ya heshima, ambayo mshauri au mkuu wa shule anaweza kuithibitisha. Tofautisha ada hiyo na madai ya mtu anayekuambia ulipe kwanza ili ufadhili uliokwisha kuupata "utolewe". Huyo ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo nzuri.

Hatua ya tatu: panga kalenda kwa kurudi nyuma

Kosa la kawaida ni kuangalia tarehe ya mwisho ya udahili na kusahau kwamba ufadhili una tarehe yake, ambayo mara nyingi hutangulia. Chuo kinaweza kupokea maombi ya kawaida hadi Januari, lakini kikawafikiria kwa ufadhili wale tu walioomba kufikia tarehe 1 Novemba au 1 Desemba. Honazi nayo inaweza kuwa na fomu yake na tarehe ya tatu. Andika tarehe zote tatu za kila chuo kwenye karatasi moja, kisha uifanyie kazi ile ya mwanzo kabisa.

Ukianzia tarehe 1 Novemba ukarudi nyuma, utaona kwamba mtihani wa SAT au ACT, yaani mitihani ya kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, pale unapotakiwa, unafaa uwe umefanyika kabla ya mwisho wa Agosti au Oktoba mapema, mtihani wa Kiingereza vivyo hivyo, na walimu wawe wameombwa barua Septemba. Vyuo vingi siku hizi havilazimishi SAT kwa udahili, lakini baadhi yake bado huitaka au huipa uzito kwenye ufadhili, kwa hiyo usiuamini ukurasa wa udahili peke yake.

Kuna aina mbili za maombi ya mapema, na tofauti yake ni kubwa. Moja haikufungi: unapata jibu mapema na unabaki huru. Nyingine hukufunga, maana unaahidi kwamba ukikubaliwa utakwenda chuo hicho na kuacha vingine vyote. Anayetegemea ufadhili asikimbilie hii ya pili, kwa kuwa atakuwa ameahidi kwenda kabla hajaona barua za vyuo vingine na kuzilinganisha.

Hatua ya nne: nyaraka

Nakala za matokeo zitumwe na shule yenyewe, zikiwa na tafsiri iliyothibitishwa kama hazikuandikwa kwa Kiingereza. Usizigeuze mwenyewe alama zako kuwa za Kimarekani; ziache kama zilivyo, na umwombe mshauri au mkuu wa shule aeleze katika barua yake mfumo wa alama unavyofanya kazi na nafasi yako kati ya wenzako. Msomaji wa ofisi ya udahili asiyeujua mfumo wenu anaweza kuiona alama ya 78 kuwa ya kawaida, ilhali shuleni kwenu hakuna aliyeizidi.

Hatua ya tano: insha

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu waombaji wa honazi karibu wote wana alama nzuri, na insha ndiyo inayomtenga mmoja na mwingine. Insha kuu ya Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, haizidi maneno 650. Honazi huongeza insha zake, na mara nyingi swali lake huhusu jambo unalopenda kulifikiri, kitabu kilichokusumbua au tatizo ambalo ungetaka kulichunguza. Wanaosoma insha hizo, wakiwemo walimu wa programu yenyewe, wanatafuta mtu atakayekaa katika semina ya watu kumi na tano na kuongeza kitu.

Tazama mwanzo huu, ambao nimeukuta kwa sura mbalimbali mara nyingi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mhandisi wa maji ili niisaidie jamii yangu." Hauna kosa la lugha, na huenda ni kweli tupu, lakini maelfu wanaweza kuutia sahihi. Sasa tuseme mwombaji yuleyule anaandika: "Kwa wiki sita nilipima kina cha maji ya kisima kwa kamba yenye mafundo, asubuhi na jioni. Nilitegemea kina kipungue mchana kwa sababu ya jua. Kilipungua usiku." Sentensi tatu tu, na tayari msomaji anataka kujua kilichotokea usiku. Ameona kijana aliyekuwa na dhana, akaipima, akakuta amekosea, na hakuficha. Mwombaji akiendelea kueleza alivyogundua kwamba watu walikuwa wakichota baada ya giza, na swali jipya alilobaki nalo kuhusu namna ya kugawana maji, atakuwa ameonyesha kila kitu ambacho honazi inatafuta bila kujisifu popote.

Kwa hiyo, unapoanza kuandika, tafuta jambo moja ulilolifanya kwa mikono au kulifikiri kwa muda mrefu, liwe dogo kiasi gani, ulieleze kwa undani, kisha useme lilikuacha na swali gani. Usirudie mafanikio yaliyo tayari kwenye orodha ya shughuli zako. Usielezee shida za maisha kwa lengo la kuonewa huruma. Kama shida ni sehemu ya habari, itaje kwa kipimo chake na uendelee. Andika rasimu ya kwanza kwa lugha unayofikiri nayo, hata kama ni Kiswahili, kisha ukae chini uiandike upya kwa Kiingereza badala ya kuitafsiri neno kwa neno. Mpe mtu mmoja makini aisome, lakini usikubali aiandike yeye, kwani sauti ya mtu mzima hujulikana mara moja na kwenye usaili itakosa mwenyewe.

Hatua ya sita: barua za walimu na usaili

Mchague mwalimu aliyekuona ukihangaika na jambo gumu, hata kama somo lake halikuwa lile uliloongoza. Mpe wiki nne au zaidi, pamoja na ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi ulizofanya darasani kwake. Fomu itakuuliza kama unaachilia haki ya kuisoma barua hiyo baadaye. Kubali, kwa kuwa barua ambayo mwanafunzi hataiona huaminiwa zaidi.

Ukiitwa kwenye usaili, ambao kwa walio mbali mara nyingi hufanyika kwa video, jiandae kuzungumzia insha yako kwa kina kuliko ulivyoiandika. Andaa pia maswali mawili ya kweli kuhusu programu, kwa mfano wanafunzi hupataje msimamizi wa tasnifu, au nini hutokea kwa mwanafunzi ambaye muhula wa kwanza ulimwendea vibaya. Hilo la pili wengi huogopa kuliuliza. Ni swali halali, na jibu lake litakusaidia utakapofika hatua inayofuata.

Hatua ya saba: soma barua ya ufadhili kwa kalamu na karatasi

Barua ikifika, furaha ni haki yako. Baada ya furaha, kaa na mzazi au mlezi wako mpige hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: ada ya masomo dola 32,000 kwa mwaka, michango mingine ya lazima 2,000, malazi na chakula 14,000, bima ya afya 3,000, vitabu 1,000, nauli 2,000. Jumla ni dola 54,000. Barua inasema umepata ufadhili wa dola 80,000, na kiasi hicho kimeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini hizo ni za miaka minne, yaani 20,000 kwa mwaka, na pengo linalobaki ni dola 34,000 kila mwaka, au 136,000 hadi kuhitimu. Tena, ada ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka huku ufadhili ukibaki palepale, mwaka wa nne ada peke yake itakuwa karibu 36,000. Familia inayosoma namba ya juu bila kuigawanya hugundua pengo hilo mtoto akiwa tayari yuko ng'ambo.

Uliza pia kwa maandishi: je, ufadhili unapunguzwa nikipata mwingine kutoka nje? Vyuo vingine huukata ufadhili wao kwa kiasi kilekile ulichopata kwingine. Je, naweza kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja bila kuupoteza, iwapo visa itachelewa? Je, ni mihula minane tu, hata kama fani yangu huchukua miaka mitano?

Kisha tafuta kiwango cha wastani kinachotakiwa kila mwaka, ambacho hupimwa kwa mizani ya 4.0, ambapo A ni 4, B ni 3 na C ni 2. Tuseme kiwango ni 3.5. Kinasikika chepesi kwa mtu aliyezoea kuongoza darasa, lakini hebu tukipime kwa kozi tano zenye uzito sawa. A tatu na B mbili zinakupa 3.6, umepita. A tatu, B moja na C moja zinakupa 3.4, umeshuka. C moja tu imetosha. Na aliyemaliza muhula wa kwanza na 3.2 anahitaji 3.8 muhula wa pili ili mwaka ufike 3.5, iwapo kozi ni idadi ileile. Ndiyo maana swali la nini hutokea ukiteleza lina uzito: baadhi ya programu hutoa muhula wa uangalizi kabla ya kukata fedha, nyingine hukata mara moja. Mimi ningechagua ufadhili mdogo kidogo wenye muhula wa uangalizi kuliko mkubwa usio nao.

Kama chuo unachokipenda kimekupa kidogo kuliko kingine cha hadhi kama hiyo, unaweza kuandika barua moja ya kistaarabu, ukiambatisha barua ya pili na kueleza pengo lako kwa tarakimu, na kuomba wafikirie upya. Wanaweza kukataa, lakini kuuliza kwa adabu hakuondoi ulichokwisha kupewa.

Hatua ya nane: kukubali, visa na kodi

Kwa kawaida uamuzi hutakiwa kufikia tarehe 1 Mei. Kubali chuo kimoja, kisha uviandikie vingine kwamba hutakwenda, kwa sababu nafasi na fedha ulizoziacha zinaweza kumfikia mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Chuo kitakutumia fomu ya I-20, hati utakayoiombea visa, ambayo huitoa baada ya kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Ufadhili wako huhesabiwa humo, na pengo lazima lionekane kwenye taarifa ya benki ya mdhamini. Utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ambayo kwa wanafunzi wa F-1, yaani visa ya masomo, ni dola 350, pamoja na ada ya visa yenyewe. Usiweke kazi katika hesabu za kuziba pengo kubwa: mwenye F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kipato hicho kinatosha matumizi madogo tu.

Kuna pia kodi, ambayo wengi hawaambiwi. Fedha za ufadhili zinazolipia ada ya masomo, na vitabu na vifaa vya lazima, hazitozwi kodi. Zinazolipia malazi, chakula au nauli hutozwa, na kwa mwanafunzi wa F-1 chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 ya sehemu hiyo, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaomsamehe. Kwa hiyo ufadhili wa "gharama zote" wenye dola 14,000 za malazi na chakula unaweza kukuachia bili ya dola 1,960 mwezi wa Agosti. Zitafute mapema.

Hatua ya tisa: muhula wa kwanza

Onana na mshauri wa honazi wiki ya kwanza, ukiwa na barua yako ya ufadhili mkononi, na mpange kozi kwa kuzingatia masharti yake. Usipange semina ngumu ya honazi, kemia, hesabu za juu na kozi ya uandishi zote kwa pamoja katika miezi minne ya kwanza ugenini. Programu nyingi zinakupa miaka minne kutimiza kozi za honazi.

Matokeo ya majaribio ya kati ya muhula yakitoka vibaya katika kozi moja, fungua kalenda ya chuo utafute tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Kozi uliyojiondoa kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida huandikwa W na haiingii kwenye wastani, lakini inapunguza idadi ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Mwenye F-1 anapaswa kubaki na angalau 12 kwa muhula, na ufadhili wako unaweza kudai 24 hadi 30 kwa mwaka. Zihesabu krediti zitakazobaki, upate idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ya honazi kwa maandishi, ndipo ujiondoe.